Mbuzi wa Chaki

Nakumbuka asubuhi moja, nikiwa nimeketi darasani Lodwar, niliisikia miguu ya bibi yangu kabla sijamwona. Alivaa akala, viatu vile vinavyokatwa kwenye tairi kuukuu, na akala juu ya saruji hutoa mlio mzito unaomtaja mwenyewe. Hatua moja ilipiga, ya pili ikaburuta, maana mguu wake wa kushoto uliwahi kuchomwa na mwiba wa mgunga na tangu hapo ukawa na ukaidi wake. Nyuma ya mlio huo ukaja mwingine, wa shanga nyingi shingoni zikigongana. Mwalimu alikuwa bado anaandika ubaoni na hakusikia kitu. Mimi niliinamisha uso hadi ukagusa dawati, nikajua kwamba habari zangu zimefika Kataboi, kijijini kwetu kando ya ziwa.

Mwanangu, nitakueleza zilikuwa habari gani. Lakini kwanza nikuambie kwa nini nimezikumbuka sasa, wakati nywele zangu zimeanza kufanana na majivu.

Akiru, binti wa kaka yangu, alinijia hapa Lodwar hivi karibuni, mwishoni mwa likizo fupi, akiwa na sanduku lake la bati. Aliupiga mlango wangu kwa goti ili ufunguke, kama kila mtu anavyofanya akiingia au akitoka, maana mlango ule umeinama na hukwaruza saruji. Anasoma shule ya bweni kule Kakuma, gredi ya tisa. Alilisukuma sanduku chini ya kitanda changu, akaniambia kwamba harudi. Mtihani wa majaribio wa sayansi ulikuwa umemwangusha tena. Maswali yalihusu umeme, na kurasa zake zilirudi karibu zote nyeupe. Wenzake wamembandika jina, wanamwita Giza.

"Shangazi, kichwa changu hakishiki," alisema. Na huku akisema hivyo alikuwa ameifungua taa yangu ya sola, iliyokuwa imekufa tangu mvua za mwisho, akaichokonoa kwa pini ya nywele, nayo ikawaka. Hakuona ajabu yoyote. Aliifuta vumbi, akairudisha kwenye msumari wake, akaendelea kunieleza jinsi alivyo mjinga.

Gari la Kakuma lilikuwa linaondoka kesho yake asubuhi. Kaka yangu alikwisha kuchoka kumbembeleza, akasema akibaki basi atatafutiwa kazi ya kuuza dukani. Nilijua kwamba sanduku likizoea chini ya kitanda changu, halitatoka tena. Kwa hiyo nilichemsha chai ya maziwa, nikamketisha, nikamsimulia habari za Ata. Ata ndivyo Waturkana tunavyomwita bibi.

Niliingia shule nikiwa mkubwa kuliko wenzangu, nimetoka moja kwa moja malishoni. Niliishi kwa mjomba wangu pale Lodwar. Mwalimu wetu wa hesabu, Mwalimu Wanyonyi, alikuwa mtu wa upande wa Kitale, mpole na mwenye nia njema. Aliona vitabu vinauliza habari za treni na mashamba ya ngano, mambo ambayo wengi wetu hatukuyajua, akaamua kutunga maswali yake mwenyewe. Maswali yake yote yakawa ya mbuzi. Lokwang ana mbuzi wengi, baadhi wamepotea porini, waliobaki ni wangapi? Aliyaandika akitabasamu. Aliamini ameturahisishia kazi.

Huenda wewe umezaliwa mjini, mwanangu, na hujapata kusikia hili: kwetu mbuzi hawahesabiwi. Mtu haelekezi kidole kwa mifugo ya mwenzake, wala kwa watoto wa mwenzake, akasema moja, mbili, tatu. Nililelewa nikijua kwamba kukihesabu kilicho hai ni kukiitia kifo. Jioni kundi likirudi unasimama penye lango la boma, unatazama sura zikipita kwenye vumbi. Mwenye madoa ya twiga amepita. Yule wa kijivu amepita na mtoto wake. Yule wa kichwa cheupe, mbona simwoni? Unageuka na fimbo yako kabla giza halijaingia, unamfuata. Kazi hiyo niliijua tangu sijafika kiunoni mwa mama yangu.

Basi siku ya kwanza mwalimu aliponisimamisha na kuniuliza mbuzi wa Lokwang waliobaki ni wangapi, nilitafuta jibu lisilomdhuru Lokwang. Sikulipata. Nikauliza nilichokuwa nimefundishwa kuuliza.

"Waliopotea ni wepi, mwalimu?"

Darasa lilivunjika mbavu kwa kicheko. Mwalimu alirudia swali polepole, kama anayezungumza na kiziwi, nami nikarudia langu kwa sauti zaidi, nikidhani hajanisikia. Tangu siku hiyo jina langu likawa Wepi. Nikiwa kwenye foleni ya githeri, mahindi na maharagwe, mtu angeniuliza leo nataka maharagwe wepi. Nikifika nimechelewa, wangeuliza nimewaacha njiani wepi. Nikaacha kuuliza. Kila swali la mbuzi nililiacha tupu, na maswali yote yalikuwa ya mbuzi.

Mwalimu alinihamishia nyuma kabisa. Kisha akamwita mjomba, akamwambia kwa huruma ya kweli kwamba shule hainifai, kwamba wiki ikiisha ingekuwa vyema nirudi nyumbani. Mjomba akampa habari hiyo dereva wa lori la samaki aliyekuwa anaelekea ziwani, amfikishie Ata.

Nami sikutaka kuondoka. Nilikuwa nimekwisha kuonja kusoma. Nilisoma vibao vya maduka, nilisoma magunia ya unga, nilisoma vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari, nikaona dunia ikinisemesha kutoka kila upande. Kurudi malishoni si aibu, na wenzangu wengi wameishi huko kwa heshima. Lakini mimi nilikuwa narudishwa kwa jina la mtu asiye na akili, na jina hilo lingenitangulia kila kisima ambako ningekwenda kunywesha mifugo.

Lori lililopeleka habari ndilo lililorudi na Ata. Alisimama mlangoni mwa darasa akinuka samaki wakavu, fimbo mkononi, akasalimu, "Ejok." Darasa zima, hata wale watoto wa mjini waliojifanya hawajui Kiturkana, likamwitikia, "Ejok nooi." Mwalimu akatuomba tutoke naye barazani, penye kivuli.

Sasa, mwalimu hakujua Kiturkana na Ata hakujua Kiswahili. Ikabidi niwe mkalimani wa kesi yangu mwenyewe.

"Mwambie huyu kijana," alianza Ata, "nimekaa juu ya samaki usiku kucha ili nimwone mtu anayesema mjukuu wangu hana kichwa."

Nikamwambia mwalimu kwamba bibi anamsalimu.

Ata akanikazia jicho. "Mbona yamekuwa mafupi?"

Mwalimu alieleza kwa adabu. Alisema mimi ni msichana mwenye nidhamu, kusoma nasoma vizuri, ila hesabu imenikataa. Alisema kila akiniuliza mbuzi ni wangapi, ama nanyamaza ama namuuliza ni wepi. Nilitafsiri yote hayo nikitazama vidole vyangu vya miguu. Ata alisikiliza, akatafuna mswaki wake.

"Muulize, hao mbuzi wake wa ubaoni wana damu?"

Mwalimu alishangaa. "Hapana, mama. Ni chaki tu."

Nilipomfikishia jibu hilo, Ata hakumgeukia mwalimu tena. Alinigeukia mimi.

"Umesikia? Ni chaki. Mbuzi wa chaki hali majani, hazai, hafi. Ungewahesabu kutwa nzima asikohoe hata mmoja. Kwa nini hukumwambia mwalimu kinachokuzuia? Yeye ametoka huko kwenye mahindi, angejuaje? Umefunga mdomo, naye akapita nje akidhani ndani hakuna mtu."

Hakupandisha sauti. Nimekemewa na watu wengi tangu hapo, wengine wenye vyeo, na hakuna kemeo lililonikaa mwilini kama hilo. Lilinichoma, kisha likaniinua, kwa sababu ndani yake nilisikia kwamba Ata hakuwa na shaka hata chembe kuwa ndani yangu mtu yumo.

"Sasa mweleze," alisema, "na usifupishe."

Nikaeleza. Nilieleza habari za boma na jioni, za sura zinazopita, za kifo kinachoitwa kwa kuhesabu. Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza, kikiniangusha hapa na pale, lakini mwalimu hakunisahihisha hata neno moja. Alisimama na kipande chake cha chaki, akakizungusha mpaka vidole vikawa vyeupe.

"Na hiyo wepi?" aliuliza mwishoni. "Mbona kila mara ni wepi?"

Swali hilo nilimpelekea Ata. Aliona ni jepesi mno.

"Kwa sababu mbuzi akipotea hutafutwa. Yeye atajua wamepotea watatu. Haya, ameingia porini, jua linazama. Ataita nini? Ataita, Watatu, njooni?"

Mwalimu Wanyonyi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi nikacheka, Ata naye akacheka kwa kuona tumecheka. Kisha mwalimu akafuta macho, akasema jambo ambalo nalo lilikuwa kweli.

"Mwambie nimemwelewa. Lakini mtihani hautamuuliza wepi. Mtihani utamuuliza wangapi."

"Basi mfundishe wangapi," alijibu Ata. "Wepi nimeshamfundisha mimi."

Hapo kesi yangu ikaisha. Hakuna aliyeshindwa pale barazani. Ata alinipaka udongo mweupe wa baraka kwenye paji la uso, akaniruhusu mbele ya mwalimu kuhesabu chochote kisicho na damu, akaenda kulitafuta lori lake. Jumatatu yake mwalimu alikuja na mfuko wa kokoto kutoka kwenye laga, ule mto mkavu, akaumwaga juu ya dawati langu, ambalo lilikuwa limerudishwa mbele. Akatangaza pia kwamba mtu yeyote mwenye swali analoona la kijinga alilete, yeye analikusanya. Mwanangu, maswali yalimiminika. Kumbe kulikuwa na wengine mle, kila mmoja na mbuzi wake wa chaki aliyemwogopa kimyakimya.

Kokoto zilinifungua. Nilizigawa, nikazikusanya, nikazipanga kwa safu, na namba zikaanza kunijia zenyewe, kila moja na sura yake, kama kundi linaloingia bomani. Niliziona zipi zinafanana, ipi imekosekana kwenye mstari. Kilichokuwa kikinifanya niulize wepi ndicho hichohicho kilichonifanya nione kosa la hesabu kwa kulitazama tu.

Siku ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, nilifungua karatasi, nikakuta kwamba huko mbali, mtu nisiyemjua alikuwa ametunga swali la mfugaji na mbuzi wake. Mkono wangu ulisimama. Nilimwona mfugaji huyo, nikamwona na mkewe, nikaona kundi lao lote likinisubiri niwatendee vibaya. Kisha nikasema, kwa sauti ambayo labda msimamizi aliisikia, "Chaki." Nikawahesabu wote, na hakuna aliyekufa.

Matokeo yalipofika, majina yalisomwa uwanjani, upepo ukiyachukua mengine. La kwanza upepo haukuliweza. Lilikuwa langu. Kabla mwalimu mkuu hajamaliza kulitamka, lilianza jina lile jingine, kutoka kwa wale wale walionicheka kwenye foleni ya githeri. "Wepi! Wepi! Wepi!" Walilipiga kwa viganja na kwa miguu mpaka vumbi likasimama, na mimi katikati yake nikalia na kucheka kwa pamoja, kwa sababu jina lilikuwa lilelile na sasa lilinikaa kama vazi jipya.

Nilikwenda Kataboi mwenyewe kumpelekea Ata habari. Alinisikiliza, akanishika mkono, akaniuliza kuhusu wale wenzangu wa darasani niliokuwa nikimsimulia kila likizo, waliocheza nami na kulala mkeka mmoja nami. Aliwataja kwa majina. Yule wa jirani na kisima, yeye je? Na yule mwenye kigugumizi? Hakuuliza shule imepitisha wangapi. Nilitoka pale nikijua kwamba nitakuwa mwalimu.

Nilifundisha Kakuma sehemu kubwa ya maisha yangu, mwanangu, darasani walimokaa watoto wa Waturkana na watoto wa wakimbizi. Kila baada ya mtihani tuliitwa kwenye kikao, na kila mara tuliulizwa wangapi wameanguka. Mimi nilikuwa nikinyoosha mkono niulize wepi, na wenzangu wakaguna, wakijua tutachelewa chakula. Wakati mmoja mama mmoja Mkongomani alimleta binti yake mlangoni kwangu. "Mwalimu, huyu mutoto kule Uvira alikuwa wa kwanza," aliniambia. "Hapa ni nini inamufikia?" Nilichukua kazi za mtoto huyo nikatazama ni maswali yepi yaliyomwangusha. Yote yalikuwa ya kugawanya. Kwao walimfundisha kupanga namba upande mwingine, na pale tunapoweka nukta wao huweka mkato. Hesabu yake ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Ilikuwa imevaa nguo za kwao tu, na wasahihishaji hawakuitambua. Tulikaa naye alasiri chache, nikamwonyesha nguo za hapa. Leo binti huyo anafundisha hesabu Kalobeyei, na watoto wakikosa, nimesikia naye huuliza ni yepi.

Nilipofika hapo katika kusimulia, chai ilikuwa imepoa na Akiru alikuwa ameacha kuchezea vifungo vyake. Nikamwambia alete ile karatasi ya sayansi.

"Uliyaacha yepi?" nilimuuliza.

Alipitisha kidole. Kila alilokuwa ameliacha lilianza kwa neno moja: Chora. Chora njia ya umeme, chora betri, chora swichi. "Sijui kuchora taa, shangazi," alisema. "Mtihani uliopita nilichora chupa yake na waya zake zote, mwalimu akaweka alama ya kosa. Nikaacha."

Nilichukua kijiti, nikachora duara sakafuni kwenye vumbi, na msalaba ndani ya duara.

Aliangalia duara. Akaangalia taa yangu ukutani. "Hii ndiyo taa?"

"Ni taa ya chaki."

Kwanza alitabasamu, kisha kicheko kikamshika, kile cha Ata kabisa, kinachoanzia tumboni. Akaninyang'anya kijiti. Tulichora sakafu yote, betri kwa mistari yake mirefu na mifupi, waya zikikata kona, na kabla hatujamaliza alikuwa amenikosoa, akaniambia kwamba swichi yangu nimeiweka mahali ambapo taa isingezimika kamwe. Alikuwa sahihi. Niliifuta kwa kisigino.

Alibaki na woga mmoja. "Na wakiniita Giza tena?"

"Watakuita," nilimjibu. "Waache walizoee hilo jina. Siku moja watalipigia makofi."

Sasa wewe, mwanangu unayenisoma, chukua ninalokuachia. Shule ni kitu kizuri, lakini inajua kuuliza kwa njia chache, na akili za watu zina njia nyingi za kujua. Ukiona huwezi kujibu, usikimbilie kusema huna kichwa. Tazama ni nini hasa kinachokuzuia, ukitaje mbele ya mwalimu wako, hata kama darasa litacheka. Hawezi kuona mbuzi unaowaogopa mpaka umwambie. Kisha, ukishaeleweka, jifunze na lugha ya mtihani, ujifunze kwa bidii bila kununa, na usitupe ile uliyotoka nayo nyumbani, kwa maana itakufaa mahali ambapo mtihani haufiki. Na ukiwa wewe ndiye mzazi, au mwalimu, usihesabu tu walioanguka. Nenda ukawatafute, na ukienda, uwaite kwa majina yao.

Asubuhi ilipofika nilimsimamisha Akiru katikati ya chumba, juu ya michoro yetu, nikampaka udongo mweupe kwenye paji la uso. Nikambariki kama wazee wangu walivyonibariki, wao wakiuliza na waliopo wakiitikia. Nakubariki na wewe kwa maneno hayohayo. Maji yapo? Yapo. Mvua ipo? Ipo. Akili ipo? Ipo. Njia ikunjuke mbele yako kama ngozi laini, miiba ijue jina lako ikupishe, na utakaporudi tukutambue kwa sura kutoka mbali, kabla hujafika.

"Eyei," aliitikia Akiru. Ipo.

Honi ya gari la Kakuma ililia barabarani. Alilivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akaliweka kichwani, akatoka. Nilingoja lile goti na ule mkwaruzo wa kila siku. Badala yake nilisikia sanduku likitulizwa chini. Alikuwa ameinama anatazama bawaba. Kisha akaushika mlango kwa ukingo, akauinua kidogo tu, na mlango wangu ukafungika nyuma yake bila kelele.